Kwa nini baiskeli inanirusha kila nikigonga jiwe?

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 34, naishi Ntyuka hapa Dodoma. Nimenunua baiskeli ya gia ya mtumba, ina shokapu mbele tu, nifanyie mazoezi Jumamosi na Jumapili. Barabarani niko vizuri. Shida ni njia za vilimani: nikikuta jiwe, mzizi au mtaro uliochimbwa na maji, ama baiskeli inagoma palepale, ama inanirusha mbele. Nimeshaanguka mara tatu, na juzi nilichubuka viwiko vyote viwili. Mwenzangu ninayeendesha naye anasema nikimbize tu, kasi ndiyo inayovusha. Nikikimbiza naogopa zaidi. Je, kuna ufundi wake, au niiuze hii nitafute yenye shokapu mbele na nyuma?"

Marahaba, mwalimu, na pole sana na viwiko. Baiskeli usiuze. Nitarudi kwenye shokapu mwishoni, maana kwanza kuna hilo la mwenzako.

Hajakudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Kasi inavusha kweli, lakini inavusha baiskeli ambayo tairi lake la mbele limepunguziwa mzigo. Ukilipeleka kwa kasi tairi lililoelemewa, utakachoongeza ni umbali utakaoruka wewe. Tazama vijana wa ujenzi popote hapa mjini. Kijana ana toroli limejaa zege, mbele yake kuna ubao au kizingiti. Akilisukuma moja kwa moja gurudumu linagoma, mishikio inamgonga tumboni. Kwa hiyo anageuka, anatangulia yeye na kulivuta toroli nyuma yake, na gurudumu linapanda bila ubishi. Zege ni lilelile na ubao ni uleule. Alipokuwa anasukuma, sehemu ya nguvu zake ilikuwa inalikandamiza gurudumu chini. Alipovuta, nguvu hizohizo zikawa zinalinyanyua.

Kwa maelezo yako, wewe bado unasukuma. Ukiliona jiwe unaingiwa na hofu, ukiogopa unaukaba usukani, kifua kinakuja mbele, na naamini kabisa vidole vinashika breki bila kukuomba ruhusa. Yote hayo yanaupeleka uzito wako kwenye tairi la mbele, tena katika ile nusu sekunde linapotakiwa kupanda. Tairi linasimama, mwenye baiskeli anaendelea na safari.

Basi karibu kila nitakachokueleza hapa kinatoka kwenye jambo moja: tairi linalogusa kikwazo liwe halina mzigo wakati linapogusa. Kwanza la mbele, halafu la nyuma.

Anza na siti. Wengi wetu tulijifunzia zile baiskeli nyeusi za chuma, za kubebea madumu ya maji na magunia ya mkaa, na kwenye zile ukikaa umekaa. Baiskeli ya gia tumeihamishia tabia hiyohiyo. Mtu aliyekaa kwenye siti hana namna ya kuhamisha uzito wake. Yeye na baiskeli ni gunia moja. Barabarani siti iwe juu, ni sawa, mguu unyooke vizuri na usichoke. Ukifika kwenye mawe na miteremko ishushe upana wa kiganja au zaidi kidogo, kisha simama juu ya pedali. Pedali zote mbili zikae usawa mmoja, moja mbele na nyingine nyuma, kama mizani ya dukani isiyo na kitu. Magoti yamekunjika kidogo, visigino vimeshuka kidogo, viwiko vimefunguka kwa nje. Uzito wote uko miguuni, mikono ni ya kuongozea tu. Ukitaka kujipima, teremka taratibu mahali palaini huku umesimama hivyo, halafu legeza vidole vya mikono yote miwili kwa muda mfupi bila kuuachia usukani. Ukihisi unaangukia mbele, ulikuwa umeuegemea usukani. Ukihisi unavutwa nyuma, umejirudisha mno. Ukibaki ulivyo, hapo ndipo penyewe, na mwili utapakumbuka.

Macho nayo yana kazi. Ukilikodolea jiwe utaligonga, hata kama njia ni pana kama uwanja wa mpira. Litazame ungali mbali, hatua kumi au kumi na tano, chagua utakapopita, na ukilikaribia macho yawe yameshahamia ng'ambo yake. Wewe ni mwalimu, utanielewa: mtoto aliyeiva kusoma, mdomo wake uko kwenye neno hili na macho yake yako maneno mawili mbele. Anayeonyesha kila herufi kwa kidole ndiye anayekwama.

Sasa breki, na hapa nataka uinuke kabla hujamaliza kusoma ukaiangalie baiskeli yako. Mkono upi unashika tairi la mbele? Baiskeli zilizofungwa kwa mtindo wa Uingereza au Japani, breki ya mbele huwa mkono wa kulia. Zilizotoka Marekani na nchi nyingi za bara la Ulaya huwa kushoto. Kwenye lundo la mtumba zimechanganyika zote, na muuzaji hatakwambia kwa sababu naye hajaangalia. Nimekutana na mtu aliyeendesha miezi minne akidhani anashika ya nyuma kumbe ya mbele, na akilaumu mawe. Isukume baiskeli kwa mkono, bana upande mmoja, uone tairi lipi linakataa. Kama imekaa kinyume na ulivyozoea, fundi yeyote atakubadilishia waya mara moja.

Ukishajua ipi ni ipi, kidole kimoja kimoja kikae kwenye kila breki muda wote, vilivyobaki vishike usukani. Na breki ina mahali pake. Punguza mwendo kabla ya jiwe, ukilifikia uwe umeachia. Tairi linalozunguka hupanda, lililofungwa hujikita. Hili ndilo gumu kuliko yote, maana unaachia breki hasa pale moyo unapotaka kuibana. Kwenye mteremko mrefu pia usiburuze breki toka juu mpaka chini. Bana kwa nguvu pale ardhi ilipo nzuri, achia, bana tena. Mwaka 1976 huko Marin, California, vijana walianza kushindana kushuka mlima kwa baiskeli nzito za zamani zenye breki ya kurudisha pedali nyuma. Wakifika chini, breki zilikuwa zimepata moto hadi grisi ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, imeungua, ikawabidi wafungue na kupaka upya kila baada ya mbio. Njia yenyewe ikaitwa Repack, yaani kupakia tena. Michezo hii ya baiskeli za milimani imekua kutokana na watu wale, na mwaka 1996 ikaingia Olimpiki kule Atlanta. Breki za leo ni bora kuliko zile, lakini rimu na pedi bado zinachemka.

Twende kwenye zoezi. Usianzie vilimani. Nenda uwanja wa shule jioni watoto wakishaondoka, maana wakiwepo watakucheka na watakuwa na haki. Chukua bua kavu la mtama, lilaze chini. Bua lina faida ambayo kibao hakina: linasema. Tairi likilikanyaga linavunjika na unasikia. Njoo kwa mwendo wa mtu anayewahi daladala, umesimama kwenye pedali kama nilivyoeleza. Likiwa limebaki karibu kipenyo cha tairi lako, kunja viwiko na magoti kwa pamoja, kifua kishuke kuelekea usukani, shokapu ibonyee. Hapohapo, bila kutulia, jisukume nyuma: makalio yaende nyuma ya siti, mikono inyooke. Mikono ikinyooka, tairi la mbele linanyanyuka lenyewe.

Soma tena hapo, kwa sababu ndipo kila mtu anapokosea. Usiuvute usukani kwa misuli ya mikono kama unayevuta ndoo kisimani. Ukivuta kwa mikono tu utainua sentimita tano, utachoka, na baiskeli itapinda upande wa mkono wenye nguvu zaidi. Kinachovuta ni kiuno na mapaja yanayokwenda nyuma. Mikono ni kamba tu. Nimewafundisha wanaume wenye vifua vya kubeba mifuko ya saruji wakashindwa, na binti mwembamba akaweza siku ya kwanza, kwa kuwa yeye hakuwa na nguvu za mikono za kumdanganya.

Bua likivunjika chini ya tairi la mbele, ama ulichelewa, ama uliwahi ukashukia juu yake. Wanaoanza wengi huwahi, kwa woga. Mwombe mtu asimame pembeni akutazame, au iegeshe simu kwenye tofali ijirekodi. Macho yako mwenyewe hayatakupa jibu la kweli. Kumbuka pia kwamba kila unavyoongeza mwendo unatakiwa kuanza mapema zaidi.

Ukiweza mara nane kati ya kumi, geukia tairi la nyuma, ambalo watu hulisahau. Tairi la mbele likishavuka na kutua, hamisha kiuno mbele kuelekea usukani, na magoti yakunjike yaje juu, baiskeli ipande chini yako. Wewe hupandi, ni baiskeli inayopanda. Kama una pedali bapa za kawaida, elekeza vidole vya miguu chini kidogo na usukume nyuma, kama mtu anayefuta tope la viatu kwenye nyasi. Msuguano huo unalinyanyua tairi la nyuma. Mara ya kwanza utahisi kama hakuna kilichotokea, sikiliza bua. Usipofanya hivi, tairi la nyuma litagonga jiwe kwa uzito wako wote na siti itakupiga teke. Sitashangaa kama moja kati ya hizo ajali zako tatu ilikuwa hivyo: mbele umevuka salama, unaanza kushangilia, ghafla uko hewani.

Baada ya bua, weka kipande cha kuni. Baada ya kuni, tofali la kuchoma lililolazwa kwa bapa. Mimi toka bua hadi tofali ilinichukua wiki tatu, jioni nusu saa, na nilikuwa kijana. Usione aibu ikikuchukua mwezi.

Kuna njia ya pili ya kunyanyua mbele, inayofaa ukiwa unapanda polepole na huna nafasi ya kujirusha nyuma. Weka gia nyepesi ya kati, si ile nyepesi kabisa. Mguu wenye nguvu uwe juu, umeanza tu kushuka mbele. Tairi likikaribia jiwe, kanyaga mara moja kwa nguvu huku ukiegemeza mabega nyuma kidogo. Mkanyago huo peke yake unalipunguzia mzigo tairi la mbele. Hii ndiyo utakayoitumia zaidi kwenye vilima vyenu, maana mawe ya huko mengi unayakuta unapanda.

Na hapo kwenye kupanda kuna mwamba wetu wenyewe. Granaiti ya Dodoma, ile iliyolala kama mgongo wa kiboko, ni ardhi nzuri kuliko inavyoonekana. Ina chembe kubwa, inakwaruza, tairi linaishika hata mwinuko ukiwa wa kutisha. Adui ni changarawe iliyomwagika juu yake: ni kama kukanyaga gololi. Kwa hiyo chagua mstari ulio mtupu, hata kama ni mkali zaidi, na uuache ule uliolainika kwa mchanga. Sogea mbele ukalie ncha ya siti, shusha kifua, nyonga kwa mzunguko uliotulia. Ukisimama ghafla na kukanyaga kwa hasira, tairi la nyuma litazunguka bure. Jiwe likiwa pembeni na pedali itagonga, usikamilishe mzunguko: kanyaga robo, rudisha pedali nyuma robo, kanyaga tena, mpaka upite. Cheni inaruhusu. Kabla sijaijua hila hiyo nilishapinda pedali mbili.

Kushuka nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko kulikonivunja mtulinga. Wakati ule ushauri uliokuwa ukitembea mjini ulikuwa mmoja: mteremkoni kaa nyuma, nyuma kabisa, tumbo juu ya siti. Nikautii kama sheria. Siku moja natoka kilimani nikashuka ngazi ya mwamba yenye urefu wa goti, nimejirudisha nyuma hadi mikono imenyooka kama fito. Ngazi nilishuka salama. Mita tatu mbele palikuwa na kona. Nikageuza usukani, tairi la mbele halikuwa na uzito wowote, halikushika chochote, likateleza kama sabuni, nikatua kwa bega. Nilikaa na mkono shingoni wiki sita na nikawa na muda mrefu wa kufikiri.

Nilichokielewa ni hiki: tairi la mbele liwe jepesi kwa muda wa kupepesa jicho tu, wakati linavuka. Likishavuka lirudishiwe mzigo wake mara moja, maana ndilo linalogeuza na ndilo lenye breki kubwa. Kwenye ngazi ya kushuka, kiuno kishuke chini na nyuma kiasi, viwiko vibaki vimekunjika, na tairi la mbele linapoanza kushuka lisindikize: nyoosha mikono ulipeleke chini likutane na ardhi, kisha mwili wako urudi katikati kabla la nyuma halijatua. Mikono iliyokwisha kunyooka kabla ya ngazi haina tena pa kwenda, hivyo baiskeli ikishuka inakuvuta na wewe. Na kwa sasa ngazi yoyote inayozidi urefu wa kifundo cha mguu wako, shuka, ibebe baiskeli, panda tena. Hata wanaoshindana hukagua njia kwa miguu.

Sasa mitaro. Mkoa huu una historia nayo. Kule Kondoa mmomonyoko ulikula vilima hadi Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika zaidi ili nyasi ziote. Makorongo ya kule bado yapo, mengine yanameza lori. Ya kwenu ni madogo lakini yana tabia ileile: ukingo umechongoka na chini kuna mchanga uliokusanyika. Mtaro unaokata njia, uingie kwa pembe mraba, usiukate kimshazari. Unaposhuka ndani yake sukuma usukani na pedali chini, ukandamize baiskeli. Utahisi inaongeza mwendo bila kunyonga. Ukingo wa ng'ambo ni jiwe tu lililovaa udongo, kwa hiyo tairi la mbele linyanyue kabla halijaugusa, na la nyuma lisindikize kama kwenye tofali. Kama mtaro ni mwembamba kuliko kipenyo cha tairi lako na una kina, usiingie. Hapo ndipo tairi hunasa na mtu huruka kweli. Tafuta mahali ulipopanuka.

Mtaro unaofuata njia, ule uliochimbwa na maji katikati, unaogopesha kwa namna nyingine. Chagua upande mapema na ubaki huko. Ukitumbukia, tulia ndani yake mpaka utakapofika mahali penye kina kidogo, au simama. Anayejaribu kutoka kwa kukwaruza ukingo pembeni huishia kulala. Mizizi ina kanuni hiyohiyo: ivuke kwa pembe mraba, bila breki, bila kunyonga wakati uko juu yake. Hatuna mizizi mingi huku kwetu, lakini msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, huo mmoja ulio chini ya mgunga unateleza kuliko tope.

Mchanga wa mito mikavu nao utakutana nao ukianza kwenda mbali. Weka gia nyepesi kabla hujaingia, kaa kwenye siti, sogeza uzito nyuma kidogo, nyonga mfululizo na usukani uache ucheze kidogo unavyotaka. Ukishika breki au ukigeuza kwa nguvu, umezama. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa sina ufundi wa kukupa. Unajaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu halizunguki, na utaibeba baiskeli iliyoongezeka kilo kadhaa. Pita njia nyingine.

Upepo wa matairi unabadilisha yote haya zaidi ya watu wanavyodhani. Fundi wa barabarani atakujazia mpaka tairi liwe gumu kama jiwe, kwa sababu ndivyo wateja wa mizigo wanavyotaka. Tairi gumu likigusa jiwe linadunda. Lililolegea kiasi linajikunja na kulikumbatia. Mimi nina kilo 70, na kwa tairi lenye upana wa inchi 2.1 na tyubu ndani natumia 28 mbele na 32 nyuma kwenye kipimo cha PSI. Wewe anzia hapo, kama kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi lako kinaruhusu. Kama valvu zako ni kama za gari, kipimo cha kituo cha mafuta kitakusomea. Kama ni zile za baiskeli ya kawaida, vipimo vingi havizisomi, bonyeza kwa dole gumba na ujizoeze. Ukipunguza mno, jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na utapata matobo mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Ukiona hivyo ongeza kidogo. Tobo moja dogo ni mwiba wa mgunga au mbigili, na huo hauna uhusiano na upepo. Toa mwiba wenyewe kabla ya kubandika kiraka, pitisha vidole ndani ya tairi polepole, la sivyo utabandika tena kabla hujafika nyumbani. Ile dawa ya majimaji ya kumimina ndani ya tyubu nimeipenda kwa njia za huku. Matobo ya mbigili inayaziba ukiwa unaendelea kunyonga.

Helmeti sihitaji kukuhubiria. Ila ukinunua ya mtumba igeuze uangalie ndani. Kama lile povu gumu lina ufa hata mwembamba, ilishafanya kazi yake kwa mtu mwingine, iache. Glovu za ujenzi za bei rahisi zinatosha kwa viganja.

Tukija kwenye shokapu. Ya nyuma ingekupunguzia teke la siti, kweli, na kwenye mteremko mrefu wa mawe labda ungechoka kidogo kuliko unavyochoka sasa. Lakini shokapu ya nyuma ya mtumba, kwa bei ambayo mwalimu na mimi tunaiweza, mara nyingi imeshakauka: inavuja mafuta au imebaki springi tupu, bushi zake zimelika, na vipuri vyake kuvipata Dodoma ni shughuli. Utabeba uzito wa ziada kila mlima kwa faida usiyoipata. Hiyo yako ya mbele iangalie tu kama inabonyea na kurudi, isiwe imeganda. Simama pembeni, bana breki ya mbele, sukuma usukani chini. Kama haishuki hata sentimita mbili, ilete, mara nyingi ni vumbi na grisi iliyokauka, kazi ya asubuhi moja. Hela uliyotaka kuongeza nunua matairi mawili yenye meno marefu, na la mbele liwe pana kuliko la nyuma kama fremu inaruhusu. Ukija njoo na bua lako.